Kiongozi akija msibani: tumpime siku ya kwanza au siku ya arobaini?

#1 Katibu wa Kamati (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mtaani kwetu mimi ni katibu wa kudumu wa kamati za mazishi. Sikugombea. Nina mwandiko unaosomeka na nina daftari, basi wakanibebesha. Kwa miaka zaidi ya kumi nimewaona watu wa kila aina wakisimama mbele ya wafiwa kusema neno: wenyeviti wa mtaa, madiwani, mashehe, wachungaji, mabosi wa marehemu. Ndiyo maana nchi ikipata janga na kiongozi akasogezewa kipaza sauti, mimi namsikiliza kama ninavyomsikiliza msemaji wa familia pale chini ya turubai.

Msemaji mbovu utamtambua mapema. Anaanza kwa kusimulia yeye na marehemu walivyokuwa wanapendana. Kuna mjomba wetu mmoja alisimama akatangaza kiasi cha rambirambi kabla mimi sijamaliza kuhesabu bahasha. Hesabu ilipokamilika ikawa pungufu, na msiba ukageuka kesi ya wizi. Hakuna aliyeiba. Mtu alisema namba asiyokuwa nayo, basi.

Sasa nije kwenye mada. Tarehe 20 Septemba 2018, Alhamisi mchana, MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakiza mita chache kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Ilikuwa imetoka Bugolora, upande wa Ukerewe, siku ya gulio. Kivuko kile kiliruhusiwa kubeba watu kama 100 hivi. Waliokufa walizidi 220. Usiku ulipoingia uokoaji ukasimamishwa mpaka asubuhi, na Jumamosi, siku mbili baada ya ajali, fundi wa kivuko akatolewa akiwa hai. Alikuwa amejifungia mahali palipobaki hewa.

Ijumaa Rais Magufuli alihutubia taifa. Akatangaza siku nne za maombolezo, bendera nusu mlingoti, na akaagiza waliohusika na uendeshaji wa kivuko wakamatwe. Akasema nahodha alimwachia usukani mtu asiyekuwa na mafunzo. Waziri Mkuu Majaliwa akaenda Ukara na kusimamia mazishi palepale Bwisya. Baada ya hapo bodi ya TEMESA, waendeshaji wa vivuko, ikavunjwa, na ya SUMATRA, wakati huo mamlaka ya usafiri wa nchi kavu na majini, nayo.

Ukipima kwa kasi, hapo huna la kudai. Siku ya pili umeombolezewa, wahusika wako ndani, bodi zimekwenda na maji. Watu wengi niliokuwa nao mbele ya televisheni walisema "huyu ndiye rais". Sikuwabishia, maana nami hasira ile ilinikonga moyo.

Ila kuna jambo lilinikaa kooni na bado lipo. TEMESA ni wakala wa serikali. Kivuko kilikuwa cha serikali, tiketi ilikatwa na serikali, na aliyepaswa kukikagua ni mamlaka ya serikali. Kwa lugha ya msibani, mwenye chombo alikuja akaketi mkekani na wafiwa, akalia nao, akakasirika nao, akaondoka nao. Sasa wafiwa wamuulize nani?

Hicho ndicho kipimo ninacholeta kwenu. Kiongozi wakati wa janga ana viti viwili: cha mfiwa na cha mwenye chombo. Cha kwanza ni rahisi kukikalia, na mara nyingi anastahili kukikalia, kwa sababu ni mtu na ana moyo. Mimi namwangalia kama atakubali kukikalia kile cha pili. Na haionekani siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza kila mtu analia. Inaonekana ifikapo arobaini, turubai limeshashushwa na daftari linasomwa.

Uzi tayari. Karibuni, ila naomba korona isiingizwe humu. Itakula uzi mzima.

#2 Ngoja Waje

Nimekaa hapa na kahawa.

#3 Mtu wa Pwani

Katibu, unamuonea Magufuli. Ulitaka afanye nini? Angekaa kimya mngesema hajali. Kaongea, mnasema kakalia kiti kisicho chake. Na wale waliozidisha abiria si yeye aliyewatuma. Mwenye duka akiibiwa na muuzaji wake, mwenye duka naye ni mwizi?

#4 Katibu wa Kamati

Mkuu, mwenye duka si mwizi. Lakini wateja wakila sumu dukani kwake, hawezi kuja kutuambia tu kwamba muuzaji amekamatwa. Tutamuuliza nani alimwajiri, nani alikuwa anakagua mzigo, na mara ngapi aliambiwa kwamba duka lina panya. Kukamata kulikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba kukamata kunaweza pia kuwa njia ya kunyanyuka mkekani haraka. Hasira ina sifa moja kubwa: huwa inaelekezwa kwa mtu mwingine.

Halafu kuna suala la idadi. Pale Ukara idadi ya waliokufa ilijulikana kwa kuhesabu miili. Haikuwepo orodha ya abiria ya kulinganisha nayo. Hilo halikuwa kosa la nahodha wa siku ile peke yake, lilikuwepo tangu MV Bukoba.

#5 Mama wa Kirumba

Umenigusa hapo kwa MV Bukoba. 21 Mei 1996, Jumanne asubuhi. Nilikuwa msichana. Kilizama karibu na Bwiru, Mwanza tayari inaonekana. Meli ya watu 430 ikawa imebeba wasiohesabika, na mpaka leo ukiuliza walikufa wangapi, mmoja atakwambia mia nane na kitu, mwingine elfu. Shemeji yangu hakupatikana, na hatujui kama yumo kati ya waliozikwa pale Igoma. Tunakwenda pale kila Mei, tunaweka maua tukikisia.

Mkapa alikuwa na miezi sita tu ikulu. Siku tatu za maombolezo zikatangazwa, tume ya Jaji Kisanga ikaundwa. Simlaumu wala simsifu. Nilichokiona mimi ni watu waliotoboa ile meli juu wakitaka kuwatoa waliokuwa wanagonga kutoka ndani, hewa ikatoka, meli ikazama moja kwa moja. Walikuwa na nia njema. Hakuna aliyekuwa amewafundisha.

Baada ya miaka 22 nikasikia Ukara, usiku, uokoaji umesimama. Nikakaa chini.

#6 Mtu wa Pwani

Pole sana mama. Hapo sina neno.

#7 Mzee wa Lugalo

Vijana, mnaongelea vivuko, mimi nawarudisha nyuma kidogo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito, leo mnapaita Lugalo, waliasi. Mwalimu akafichwa. Oscar Kambona, waziri wake, ndiye aliyekwenda kuzungumza na askari wenye bunduki. Mji mzima ukawa unajiuliza rais yuko wapi, maduka yanavunjwa, watu wanakufa. Alipotoka mafichoni alizungumza redioni, kisha akazunguka mjini watu wamwone. Tarehe 25 akawaita Waingereza waje kuwanyang'anya askari wetu silaha. Waingereza! Miaka miwili na mwezi mmoja na kitu baada ya kushusha bendera yao.

Hakujificha nyuma ya maneno. Alisema ni aibu kwa nchi. Mwezi uliofuata akaita nchi za Afrika Dar es Salaam awaeleze, na askari wa Nigeria wakaja kushika nafasi. Jeshi lile likavunjwa na kuundwa upya. Sasa mpimeni Mwalimu. Siku ya kwanza hakuonekana kabisa. Arobaini yake je?

#8 Katibu wa Kamati

Shikamoo mzee. Huo mfano unanisaidia kuliko wangu mwenyewe. Kwa kipimo cha televisheni za leo Mwalimu angekuwa ameanguka saa sita za mwanzo. "Rais mafichoni" ingekuwa kichwa cha habari, na wenye simu wangemaliza kazi. Lakini neno "aibu" ni neno la mwenye chombo. Mfiwa hasemi aibu, mfiwa anasema uchungu.

Yule yule Mwalimu, Novemba 1978, Amin alipovamia Kagera, alisimama na hotuba ambayo hadi watoto wanaikariri: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Watu huipenda kwa ukali wake. Mimi naipenda kwa sababu imepangwa kama bajeti. Amesema ana nini, kwa nini anakitumia, na amekusudia nini. Unaweza kurudi baadaye ukakagua kimoja kimoja.

#9 Mkenya Halisi

Majirani, hamjambo. Naleta ya kwetu.

Westgate, Jumamosi 21 Septemba 2013. Usiku ule Uhuru alihutubia taifa, akasema yeye pia amefiwa na watu wa familia yake mle ndani. Ilikuwa kweli, mpwa wake na mchumba wa huyo mpwa waliuawa. Nchi nzima ilishikana. Nilisimama kwenye foleni ya kutoa damu, Mhindi mbele yangu, Msomali nyuma yangu, na hakuna aliyeuliza kabila wala dini. Hiyo hotuba ilichangia, siwezi kuinyima haki yake.

Lakini chini yake kulikuwa na waziri wa usalama wa ndani, Ole Lenku. Moshi mzito ukatoka kwenye jengo, akatuambia ni magaidi wanachoma magodoro. Baadaye tukaona sehemu ya jengo imeporomoka. Mara magaidi ni kumi, mara kumi na watano, na mwishowe majina yaliyotajwa yakawa manne. Magodoro yakawa mzaha wa taifa hadi leo.

Kisha rais akaahidi tume ya uchunguzi. Katibu, ukisema arobaini nakuelewa sana. Hiyo tume haijawahi kuketi. Watu 67 walikufa. Mwaka mmoja na nusu baadaye, shambulio la chuo kikuu cha Garissa, 148.

#10 Katibu wa Kamati

Nashukuru jirani. Hapo kwa Uhuru kiti cha mfiwa kilikuwa chake kwa haki zote, na hotuba ikafanya kazi yake. Ndiyo hatari yenyewe. Maneno yakiwa mazuri na ya kweli tunasahau kudai lile jingine. Nani angemuuliza mtu aliyefiwa "na walinzi wako walikuwa wapi?" Ungeonekana huna adabu.

Ole Lenku naye ni mjomba wangu wa bahasha. Akina mjomba hao hawaogopi uongo kama wanavyoogopa kusema "bado tunahesabu".

#11 Mkenya Halisi

Ongeza Ruto, 25 Juni 2024. Vijana wameingia bungeni, usiku akatoka na uso wa jiwe akisema ni uhaini na hatavumilia. Kesho yake jioni akatoka tena, mswada wa fedha hatausaini. Chini ya siku moja, marais wawili ndani ya suti moja. Upime upi?

#12 Mtu wa Pwani

Hahaha, upime suti.

#13 Katibu wa Kamati

Mimi ningempa alama kwa siku ya pili, na nisingemfutia ya kwanza. Kiongozi kurudi nyuma hadharani ni jambo gumu kwetu huku, tunaliita udhaifu. Ila waliopigwa risasi walipigwa kabla ya hotuba ya pili, na mzazi wa aliyekufa hawezi kufarijiwa na tofauti ya saa ishirini na nne.

#14 Senene wa Bukoba

Naona mnazunguka ziwa lote mnakwepa kwetu. Tetemeko la Kagera, 10 Septemba 2016. Nyumba za watu chini, shule ya Ihungo chini, tunalala nje na mvua. Michango ikaanza kumiminika nchi nzima. Mara tukasikia katibu tawala wa mkoa na mkurugenzi wa manispaa wametumbuliwa, kisa akaunti ya pili ya benki yenye jina linalofanana na la maafa. Tukashangilia sana tu.

Rais mwenyewe alikuja Januari 2017. Tulimngoja miezi mitatu na zaidi. Alichotuambia, kwa ufupi, ni kwamba serikali haikuleta tetemeko na haitamjengea kila mtu nyumba, kila mmoja ajitahidi. Pesa nyingi zikaelekezwa kwenye shule na huduma za umma.

Nitasema jambo ambalo wenzangu wa Bukoba hawatalipenda. Kwa hesabu tu alikuwa na hoja. Serikali haina mfuko wa kumjengea kila mtu, na kiongozi anayeahidi asichokuwa nacho ni mbaya zaidi. Lakini tulichanga na kuchangiwa tukijua zile ni rambirambi. Rambirambi ni ya mfiwa. Ukiipokea kwa niaba yangu halafu ukaamua kwamba kilicho bora kwangu ni darasa, hata kama darasa ni zuri, ulipaswa kuniuliza. Na ukija siku ya mia na kitu, njoo na maneno ya siku ya mia. Usije na ukali.

#15 Katibu wa Kamati

Ungeanzisha uzi wewe, ndugu. Hii ya rambirambi naijua kutoka kwenye daftari. Kamati ikinunua jeneza la bei kuliko familia ilivyotaka, hata kama jeneza ni zuri, huo ugomvi hauishi.

Na hapo nakiri kipimo changu kina tundu. Magufuli Bukoba alisema ukweli wa mwenye chombo: hiki sina. Nilichokuwa nasema kiongozi aseme, alisema. Na bado kiliuma. Kwa hiyo kukalia kiti cha pili hakutoshi kama kile cha kwanza hujakikalia kabisa.

#16 Mpenda Haki

Mbona hakuna aliyemtaja Mzee Rukhsa? Miaka ya 1970 Mwinyi akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu waliokamatwa kwa tuhuma za mauaji ya kishirikina kule Shinyanga walikufa mikononi mwa vyombo vya dola. Yeye hakuwagusa. Hakuwepo. Akajiuzulu, Mwalimu akakubali. Akaenda kuwa balozi Misri, na mwaka 1985 akawa rais. Zanzibar nako, baada ya MV Skagit kuzama Julai 2012, Waziri Hamad Masoud Hamad aliachia ngazi. Mnaosema kujiuzulu si utamaduni wetu, mnasahau.

#17 Mtu wa Pwani

Skagit imekuja miezi kumi tu baada ya Spice Islander. Hivyo waziri kajiuzulu kwa ya pili. Ya kwanza, Septemba 2011, mamia ya watu pale Nungwi, nani alijiuzulu?

#18 Mpenda Haki

Swali zuri, na ndilo linaloipa uzito ile barua ya pili.

#19 Katibu wa Kamati

Mpenda Haki, Mwinyi ndiye nilikuwa namsubiri mtu amtaje. Angalia tofauti ya kuvunja bodi na kujiuzulu. Aliyevunja bodi ametoa mtu. Aliyejiuzulu amejitoa mwenyewe, wakati kila mtu anajua hakuwa na kosa la mkono. Bado sitaki tuifanye dawa ya kila kitu, maana kuna kujiuzulu kwa kukimbia maswali. Unaachia ngazi, shughuli zinaishia hapo, ripoti inafungiwa kabatini.

Mkinibana niseme nani wa karibuni alifanya vizuri siku za mwanzo, nitataja Hanang. Desemba 2023, tope limeshuka mlimani na kufukia Katesh, watu 89 wamekufa. Rais Samia alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi. Akakatisha safari akarudi, akaenda Katesh. Hakukuwa na kishindo. Kuna waliosema kurudi kwake ni maonyesho tu. Mimi nasema mfiwa akimwona mtu amekatisha safari, hahitaji hotuba. Kwa wa kwetu hiyo ndiyo hotuba yenyewe. Arobaini ya Hanang waulizwe watu wa Hanang, mimi sikai kule.

#20 Senene wa Bukoba

Na ile ndege ya Novemba 2022 pale ziwani kwetu? Watu 43 ndani, 19 wakafa. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja mvuvi akasaidia kufungua mlango, akapewa shilingi milioni moja na ikaagizwa aajiriwe zimamoto. Tulimshangilia, anastahili. Ila nilijiuliza, yule kijana amepewa kazi na kikosi ambacho kilipaswa kufika kabla yake. Nikacheka peke yangu, mke wangu akaniuliza nina nini.

#21 Ngoja Waje

Kahawa imeisha. Huyu wa mwisho kaniua.

#22 Mtu wa Pwani

Katibu nakupa nusu. Bado naamini siku ya kwanza ina uzito wake, watu wakiwa na hofu wanahitaji sauti moja yenye uhakika. Ukimwambia kila kiongozi aseme "bado tunahesabu", mtaani uvumi utahesabu kabla yake. Umeshindwa kujibu hilo.

#23 Katibu wa Kamati

Nusu naipokea. Kwenye uvumi uko sahihi, nami sina jibu kamili. Nilichojifunza kwenye turubai ni hiki tu: ukisema "mpaka saa kumi tumehesabu bahasha 40, tutaendelea saa moja usiku", watu wanatulia, kwa sababu wanajua saa moja utarudi. Ukirudi, siku nyingine watakungoja. Usiporudi, ndiyo ukurasa wa magodoro.

#24 Mama wa Kirumba

Nilikuwa nimetoka, nimerudi kusoma. Niwaambie ya mwezi uliopita tu, halafu nilale.

Nilikuwa navuka ziwa, kivuko sikitaji. Nikafika dirishani nikauliza kama wanaandika majina. Tangu Ukara huwa nauliza, wanangu wananiona nina wazimu. Kijana wa tiketi akanijibu kwa heshima kabisa, "Utaandikwa mama, panda kwanza." Nikamwambia naandikwa kwanza ndipo nipande. Foleni nyuma ikaanza kuguna. Mzee mmoja mwenye kuku wawili akasema, "Mwandikeni mama wa watu, na mimi mniandike, na kuku muwaandike." Watu wakacheka. Kijana akatafuta kalamu, haikuwepo. Nikampa yangu.

Tulipofika ng'ambo nikakumbuka hakunirudishia.

#25 Katibu wa Kamati

Mama, uliandikwa?

#26 Mama wa Kirumba

Mimi na mzee wa kuku. Wengine walikuwa wameshapanda.